Ufa Shingoni

Mzee alikuja karakanani na mitungi yake miwili ya kuzamia, mmoja kila bega, akaitua mezani taratibu kama anayelaza watoto. Kazi yake ilikuwa kushuka chini ya meli na kukwangua kome na uchafu, na kwa miaka thelathini hakujua kazi nyingine. Mpimaji wa mitungi alikuwa binti yake mwenyewe.

Wa kwanza ulipita. Binti aliujaza maji, akautumbukiza kwenye pipa la chuma, akapandisha presha mpaka mshale ukakaribia mwisho, kisha akaishusha na kutazama kama mtungi umerudi ukubwa wake wa awali. Ulirudi. Akaugonga tarehe ya ukaguzi kwenye bega lake, chini ya shingo.

Wa pili haukufika hata kwenye pipa. Alifungua valvu, akaingiza taa ndogo na kioo, akaona mstari mwembamba kama unywele umekatiza hesi za shingo, ile mikunjo inayoshika valvu. Akausugua kwa kitambaa. Haukutoka.

"Huu umekufa, baba."

"Umekufa? Jana tu nimeshuka nao!"

"Una ufa shingoni. Iko siku utajazwa, upasuke."

"Mama, ada yako ya shule ilitoka humo ndani. Leo umeelimika, unamwita mlezi wako maiti?"

Binti akacheka, maana baba yake hakukosa mzaha hata msibani. Lakini sheria ya kazi ilikuwa wazi: mtungi uliofeli hukatwa kwa msumeno papo hapo, usije ukarudi kazini. Alipoushika msumeno, Mzee aliukumbatia mtungi.

"Usiukate. Niachie nikauweke sebuleni, uwe ukumbusho."

Damu nzito kuliko maji. Binti akautundika msumeno ukutani, na kwenye fomu akaandika: umekatwa.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, kishindo kilitikisa madirisha ya karakana. Alitoka mbio na wenzake hadi gatini, kwenye kibanda cha kujazia hewa. Ukuta mmoja ulikuwa umelala chini, kompresa bado inanguruma. Mjazaji, waliyemwita Upepo kwa kuwa aliuza bidhaa isiyoonekana, alikuwa amefunikwa turubai, na hakuna aliyethubutu kulifunua. Nje, Mzee alikuwa ameketi kwenye kreti, damu ikimchuruzika sikioni.

Binti aliinama akaokota kipande cha bega la mtungi. Kilikuwa na tarehe mpya, namba zimegongwa kwa kufuatisha mwandiko wake, ila ya mwisho ilikuwa imelala upande. Hakuwa na haja ya kuuliza nani amezigonga.

Afisa wa usalama alimtaka akusanye vipande na kuandika ripoti. Jioni alimfuata baba yake nyumbani.

"Nilidhani unazidisha," Mzee alisema. "Ulijazwa mara nne, mama, haukufanya kitu. Ningejua..."

"Nilikwambia."

"Sasa andika uliibiwa karakanani. Upepo hafufuki. Ukisema kweli tunazama wote wawili."

 Binti aliondoka akaenda moja kwa moja kwa mjane wa Upepo, akamweleza yote: ufa, msumeno, ile fomu. Mjane alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, khanga ameikaza kiunoni.

"Alikuwa akikusifu," alisema mwishoni. "Alisema mtungi wenye tarehe yako haukagui mara mbili."

Akaufunga mlango polepole, bila kuubamiza.

Ripoti ilikuwa kurasa mbili. Aliandika kwamba mtungi haukukatwa, na kwamba aliyeandika umekatwa ni yeye. Wakamnyang'anya leseni mwezi huohuo. Wakwe zake walimwita msaliti, ndugu zake wakamwita jina baya zaidi, na mumewe akanyamaza, jambo lililomuuma kuliko maneno yao yote.

Mzee alifungwa miaka miwili kwa ile tarehe ya kughushi. Binti alipokwenda kumwona mara ya kwanza, alikataa kutoka. Mara ya pili alitoka, amekonda, akaketi upande wa pili wa meza. Askari akatazama saa yake. Kisha Mzee akamgeuzia sikio lililobaki zima, akangoja amwambie neno.