Meno ya Juu ya Safia

Safia alipanua kinywa mbele ya taa ya daktari, na bibi yake akafumba macho. Bi Kidawa hakuogopa sindano wala koleo. Tangu mtoto aanze kucheka na watu, alimfunza kuziba kinywa kwa kiganja, na leo kiganja kilikuwa pajani.

"Una miaka mitano, sivyo?" Daktari Nasma alimuuliza mtoto, akizungusha kioo chake kidogo. Kisha akatazama tena. "Bibi, jino linalomuuma ni la utoto, nitaling'oa sasa hivi. Lakini huyu si wa miaka mitano. Magego manne ya ukubwani yameshaota, na haya mawili ya mbele, juu, yameshuka. Saba ameitimiza, pengine anaikaribia minane."

"Lakini mfupi huyu, mwanangu," Bi Kidawa alimwambia daktari.

"Ufupi ni wa mwili. Meno huwahi au huchelewa kidogo, lakini si kwa kiasi hiki."

Jino lilipotoka, Safia akapelekwa kwenye benchi mlangoni, pamba kinywani. Hapo Bi Kidawa akasema aliyoyafungia moyoni. Kule kisiwani Juani, walikotoka, meno ya kwanza ya Safia yalitokea juu. Mwezi uleule homa ikamchukua mama yake, na majirani wakayafunga mambo hayo mawili fundo moja: kigego huyo, ana nuksi, amemla mamake. Bi Kidawa akambeba mjukuu, akavuka maji, akahamia Kilindoni. Waliomuuliza aliwaambia kigego amekufa. Huyu, alisema, ni wa mwanawe mwingine, mdogo kwa miaka miwili na ushei. Uongo ulimkinga mtoto vizuri, vizuri mno, hata shule ikampita.

"Meno ya juu kutangulia si neno, bibi," alisema daktari. "Huwatokea watoto, nao hukua kama wengine."

"Najua. Lakini kilichonivusha maji si meno, ni watu."

"Kesho wanaandikisha darasa la kwanza. Umri nimekupa. Kuusema ni juu yako."

Walipofika uani, Safia akaitoa pamba kinywani. Kumbe masikio yake hayakuwa benchini.

"Bibi, kwa hiyo mimi ni mkubwa kuliko Kheri?"

Kheri wa jirani alikuwa tayari anasoma chekechea, na kila jioni alimwonyesha Safia herufi mchangani kwa maringo ya ualimu. Mtoto aliuliza kwa furaha tupu. Bi Kidawa akaona haya, haya ya kweli. Alidhani ameficha aibu, kumbe alikuwa amemnyima mtoto miaka yake mwenyewe.

"Mkubwa," alijibu. "Tena kwa mbali."

Asubuhi walipanga foleni shuleni. Mbele yao alikuwa Mize, mzaliwa wa Juani, mwenye kumbukumbu ndefu na ulimi usiopungua urefu. Mwalimu Ridhwan alimtazama mtoto mfupi, akauliza umri.

"Saba, anaelekea minane," alisema Bi Kidawa, wala hakuishusha sauti.

Mize akageuka polepole. "Wa umri huo si yule wa marehemu mwanao? Si ulisema alikufa, Bi Kidawa?"

"Nilisema."

Foleni nzima ikawatazama. Bi Kidawa akauweka mkono begani kwa mjukuu wake.

"Hakufa. Ndiye huyu. Safia, wachekee wenzangu wakuone."

Kiganja cha mtoto kilikuwa kimeshapanda kinywani, kama alivyofunzwa. Safia akamtazama bibi yake usoni, akaangalia vizuri, kisha akakishusha.