Mlio wa Elfu Nane

Baba yangu, Kaimenyi, mkulima wa viazi wa Kibirichia, alimpenda Mungu, halafu viazi, halafu injini isiyo na turbo. Mama akiwa hai alikuwa akisema mpangilio huo ameukosea. Honda yake nyekundu haikuwa na nguvu yoyote mpaka mshale wa mizunguko ya injini ufike elfu sita. Ukifika elfu nane, ililia hadi ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Baba hakubadilisha gia kwa kutazama mshale. Alibadilisha kwa sikio, na waliotazama mshale aliwaita makarani.

Mimi nami, kwa ukaidi wangu, nikachumbiwa na Munyi, mtu wa mtaa wa Dallas kule Embu, mwenye Subaru ya turbo.

"Mzee, huku kwenu juu hewa ni kidogo," Munyi alimwambia siku moja mezani. "Engine yako inavuta tu ile inapata. Turbo inajisukumia yake."

"Turbo ni kupuliza kuni mbichi," Baba akajibu. "Unangoja, unangoja, halafu inakuchoma nyusi."

Mzaha huo ulizaa balaa. Klabu ya magari ya Embu ilipotangaza mashindano ya kupanda mlima kwetu, barabara ikifungwa asubuhi nzima, wote wawili wakajiandikisha. Baba akaapa mbele yetu: akishindwa na turbo, anauza Honda. Nilikasirika mno. Mama alipofariki, gari lile ndilo lililomtoa Baba kitandani. Mimi hufundisha Meru mjini na nyumbani huja Jumapili tu. Akiuza, atabaki na nani? Nikasema basi nitakaa kando yake, nihakikishe anashinda.

Munyi alitangulia. Turbo ikapiga mluzi, Subaru ikapotea konani. Kisha tukapewa bendera sisi.

Baba aliondoka vizuri ajabu. Gia ya kwanza, ya pili, mlio ukapanda, nikashangilia kama mtoto, mimi mwalimu mzima. Tukaingia kwenye mlima wenyewe. Mshale ukafika elfu nane, ukapita kidogo, ukakwama. Injini ikaanza kujikata, tu-tu-tu-tu, gari likikataa kuongeza mwendo. Baba hakubadilisha.

"Badilisha!" nikapiga kelele. "Baba, badilisha!"

Alikuwa akitabasamu, macho barabarani. Injini aliyoitunza kuliko meno yake ilikuwa ikiteseka, naye ametulia tuli. Nikampiga begani. Akashtuka, akanitazama mdomo, ndipo akavuta gia ya tatu.

Nikaanza kukumbuka. Simu asizopokea. Kanisani, jinsi alivyoinuka kuimba baada ya wote kuinuka. Na mimi, na mdomo wangu huu, mwaka mzima nilikuwa nikisema ni kiburi cha uzee!

Tulifika juu tumeshindwa, tena vibaya. Akazima injini. Nikamshika kidevu, nikamgeuza anitazame.

"Baba, husikii?"

"Tangu mavuno ya viazi ya mwaka jana," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

"Na gia? Gia unabadilisha vipi?"

"Kwa magoti. Injini ikitetemeka, yanatetemeka, najua imefika wapi. Leo niliogopa, Kananu. Yakaanza kutetemeka yenyewe, nikashindwa kujua kama ni injini ama ni mimi."

Nilitaka kumgombeza kwa kunificha. Badala yake nikalia mbele ya watu wa klabu, bila aibu. Alikuwa ameendesha mlima mzima gari lililokuwa bubu kwake, kwa sababu mimi na Munyi tulikuwa tukitazama.

Halafu nikapata wazo, nikalisema polepole ili alione mdomoni.

"Hutauza. Utaendesha nikiwa nimekaa hapa hapa. Ikifika elfu nane, nakugonga bega. Mimi nitakuwa masikio yako."

Akanifuta shavu kwa kidole chenye grisi.

"Na ukiwa Embu, utanigonga na nini?"

Harusi yangu na Munyi ilikuwa Jumamosi iliyofuata, kisha ningehamia kwake Embu. Baba akachomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, akasema, "Basi isikilize wewe," akatoka kwenda kumpa Munyi mkono wa hongera.