Uthibitisho wa Senene Mmoja

Ulimwengu na ujulishwe, na wenye masikio wayasafishe: mwezi wa Novemba, katika bweni moja la chuo kikuu mjini Bukoba, kijana wa mwaka wa kwanza aitwaye Mushumbusi alithibitisha jambo ambalo wanahisabati wa dunia nzima walikuwa hawajathubutu hata kuliwaza. Vizazi vijavyo vitasimama kila jina lake litakapotajwa.

Alithibitisha kwamba mtu anaweza kula kopo zima la senene wa mwenzake na mwenzake asigundue.

Lawama aliitupia elimu. Asubuhi hiyo ya Jumanne Dk. Kokushubila, mwalimu wao wa Utangulizi wa Uthibitisho, alikuwa amewafundisha kuthibitisha kwa hatua. Onyesha kwamba jambo ni kweli kwa moja. Kisha onyesha kwamba likiwa kweli kwa idadi yoyote, linabaki kweli ukiongeza moja. Ukishamaliza hayo mawili, weka kalamu chini. Ni kweli kwa namba zote.

Mushumbusi akarudi chumbani na maarifa hayo yakiwa bado ya moto, akakuta chumba kitupu na kopo juu ya kabati la Kyaruzi, anayelala kitanda cha dirishani. Akafungua kifuniko. Senene, wale wadudu wa msimu wa mvua, wamekaangwa wakawa rangi ya kahawia, wanang'aa, wananukia kitunguu. Akafikiri kwa utaratibu kama alivyofunzwa. Nikila mmoja, Kyaruzi hatagundua. Hiyo ni kweli kwa moja. Na kama hajagundua mpaka hapa, je, mmoja zaidi ndiye atakayemfungua macho? Haiwezekani. Basi akala mmoja, akala na anayefuata, akaendelea kuongeza mmoja kwa uaminifu mkubwa kwa kanuni, mpaka ukucha wake ukakwaruza bati. Hapo ndipo aliposhuku kwamba kuna mstari ameukosea. Akafunga kifuniko vizuri, akalirudisha kopo mahali pake, akaenda kufua soksi ambazo hazikuwa chafu.

Jioni, wakiwa mezani na ndizi na maharage, Kyaruzi akawa na furaha isiyo ya kawaida.

"Jumamosi naenda Muleba kwa dada Klaudia," alisema. "Napeleka jibu."

"Jibu gani?" aliuliza Shilogile, wa tatu wao chumbani, mtoto wa mvuvi kutoka visiwa vya huko huko Muleba.

"Siku ya harusi ya dada, baba mkwe wake alisimama mbele ya watu akasema wanawake wa kwetu Kanazi wanajua kahawa tu, senene wao ni mkaa. Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Lakini mwaka mzima hakusahau. Msimu huu ameamka alfajiri na mguu wake ule mbovu, akaokota mwenyewe kwenye majani, akanyonyoa mabawa mmoja mmoja. Amewaweka kwenye kopo, akasema mpelekee yule mzee, usiseme neno, mwache atafune."

"Safi sana," alisema Mushumbusi.

Pale pale angeweza kusema. Alifungua hata mdomo. Lakini kijana ambaye akiwa sekondari ya bweni alificha kengele ya shule ndani ya sufuria la uji, akasali pamoja na wenzake ipatikane, hana mazoezi ya kusema. Akaomba chumvi.

Keshoye akajaribu kupata msamaha kwa njia ya kitaaluma. Akanyoosha mkono darasani.

"Madam, chukulia mtu ana kopo la karanga za mwenzake. Akila moja, mwenye karanga hagundui. Hatua kwa hatua, akizimaliza zote, si bado hatagundua?"

Dk. Kokushubila akavua miwani. "Hatua yako imesimama juu ya neno 'hagundui'. Hagundui kwa sababu gani?"

"Kwa sababu... hajafungua kopo."

"Basi hujathibitisha kitu, baba. Unasubiri tu afungue."

Darasa zima likacheka, Kyaruzi akicheka kuliko wote.

Kyaruzi alilifungua Ijumaa mchana, akipanga begi la safari. Mushumbusi alikuwa amelala akitazama ukuta. Alisikia kifuniko kikitoka.

"Nani alibaki humu wiki hii wenzake wakiwa darasani?" Kyaruzi aliuliza polepole.

"Mimi Jumanne nilikuwa na homa, nililala," alisema Shilogile. "Nilitoka saa sita kwenda zahanati, kwani nini?"

"Kwani nini! Wewe mtu wa visiwani ndiye hujui senene ni nini kwetu. Unawaita panzi! Kwako ni mchezo!"

"Kyaruzi, ndugu yangu, mimi hao wadudu siwali."

"Toka. Tafuta chumba kingine. Nikirudi kutoka Muleba, kama nitakwenda, nisikukute."

Shilogile akavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja shuka huku homa yake bado haijaisha. Mushumbusi akatazama shuka ile ikikunjwa. Akajiambia: iache ikunjwe, jambo litaisha. Lakini miguu yake ilishasimama.

"Subiri. Nathibitisha kwamba si Shilogile."

"Mushumbusi, leo si siku ya utani."

"Si utani. Chukulia kinyume, kwamba ni yeye. Basi tumbo lake linapokea senene. Lakini Jumapili nilimfichia mmoja wa sokoni kwenye wali, mmoja tu, akatapika mpaka mlinzi akaja na tochi. Tumbo linalokataa mmoja haliwezi kupokea kopo zima. Mambo mawili yamegongana. Kwa hiyo si Shilogile."

Ulikuwa uthibitisho safi kuliko wote aliowahi kuandika. Kyaruzi akakaa kitandani. Mlango ulikuwa na funguo tatu, na wenye funguo walikuwa watatu.

"Kwa hiyo ni nani?"

"Labda panya."

"Panya aliyefunga kifuniko?"

"Mimi nilichothibitisha kinamhusu Shilogile tu," alisema Mushumbusi.

Simu ya Kyaruzi ikaita. Akatazama jina, macho yakamjaa maji. "Ni mama. Siwezi. Zungumza wewe, wewe una maneno." Akaweka spika, akamsukumia simu.

"Shikamoo, mama. Ni Mushumbusi, rafiki yake Kyaruzi."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi huyo? Kopo lipo salama? Nina wasiwasi, jamani waitu. Sisi wanawake wa rika langu hatuli senene, tulikatazwa tangu utoto, kwa hiyo nakaanga kwa kunusa. Nilimwambia Kyaruzi aonje chumvi, akasema hatagusa hata mmoja mpaka Muleba. Silali. Nahisi nilizidisha, yule mzee atanicheka tena."

Sauti ile ilikuwa na woga wa mtoto anayesubiri matokeo. Mushumbusi hakuweza kuivumilia.

"Hukuzidisha, mama. Chumvi iko sawasawa kabisa. Na kitunguu kimeingia vizuri."

"Mungu akubariki!" Mama akacheka kwa nafuu. Kisha kicheko kikakatika. "Lakini... wewe umejuaje?"

Shilogile aliacha kukunja shuka. Kyaruzi aliinua kichwa taratibu, akamtazama. Mushumbusi alitafuta utani, mahali popote kichwani, akakuta patupu kama lile kopo.

"Nimejua kwa sababu niliwala, mama," alisema. "Si panya, na si Shilogile. Ni mimi. Niliwala wote, na walipobaki watatu nilijua kabisa ninafanya vibaya, nikawala na hao."