Talaka ya Bibi Mkubwa

Mashine ya kukata sabuni pale kiwandani kwetu tuliiita Bibi Mkubwa. Iliingia kabla ya sisi sote, ilikuwa na kelele, na hakuna aliyethubutu kuigusa bila mume wangu kuwepo. Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi wake. Kiwanda ni cha kaka yake, shemeji yangu, ambaye wote tunamwita Bosi hata tukiwa mezani tunakula. Mimi naweka hesabu.

Haikupita wiki Bibi Mkubwa hajaugua. Leo mkanda, kesho beringi. Sabuni zilitoka zimekatwa upande kama kofia ya mlevi. Wifi yangu, ambaye ndiye anayeziuza, alizirudisha ofisini na kuzimwaga mezani kwangu.

"Wateja wanauliza kama tunazikata kwa meno."

Kila Bibi Mkubwa alipougua, mume wangu alileta ankara, na ankara hizo ndizo zilizokuwa zikimsomesha binti yetu chuo. Kwa hiyo Bosi aliponiambia nipige hesabu kama inafaa kununua mashine mpya, nilijua ninaulizwa kama mwanangu aendelee na masomo. Nikapiga. Hesabu haijui nani shemeji, nani mume.

Tulikaa ofisini wanne: Bosi, wifi, mume wangu na mimi.

"Mpya ni milioni arobaini," nilisema. "Matengenezo ya Bibi Mkubwa yanakula milioni kumi kwa mwaka."

"Lakini si yanapunguza kodi?" Bosi alidakia, macho yanamng'aa. "Mashine ikiharibika, anayelia ni serikali!"

"Shemeji, ukimpa fundi mia, kodi inapungua thelathini. Sabini unalia mwenyewe. Ndiyo maana sikuandika kwamba tutaokoa kumi, nimeandika saba. Umeme anaoupoteza na sabuni anazoharibu ni milioni sita nyingine. Hapo baada ya kodi tunaokoa milioni nne na laki mbili. Mashine mpya nayo itachakaa, na uchakavu wake utatupunguzia kodi milioni moja na nusu kila mwaka, kwa miaka minane. Jumla kumi na mbili na laki saba kwa mwaka. Pesa za miaka ya mbele nimezishusha thamani, maana pesa ya kesho si ya leo, na bado mpya inashinda."

Mume wangu alikuwa anaangalia dari. "Na ile mota niliyomwekea mwezi uliopita?"

"Hiyo pesa imeshaliwa. Tukibaki naye au tukimwacha, hairudi."

"Na aliyeila tunamjua," wifi akasema.

"Nimekula na huyu huyu," mume wangu akajibu, akininyooshea kidole.

Nikaendelea. Bibi Mkubwa angepata mnunuzi wa milioni kumi. Ila vitabuni thamani yake ni sifuri, uchakavu wake ulishahesabiwa wote zamani, kwa hiyo kumi yote ni faida. Kodi milioni tatu, mkononi saba.

Bosi alisimama kama aliyekalia msumari. "Nilipe kodi ya chuma chakavu? Nife kwanza! Bora nimgawe bure." Akamgeukia mume wangu. "Mdogo wangu, mchukue. Ni wako."

Milioni kumi zingemlipia binti yangu ada mpaka siku ya kuvaa joho. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, kazi ambayo sijawahi kuiweza.

"Kumpa ndugu hakukuokoi," nikasema. "Watu wa kodi watahesabu bei ya soko. Utalipa tatu zile zile, na ile kumi hutaiona."

"Nani atawaambia?"

"Fomu. Na fomu naijaza mimi."

"Mke wangu," mume wangu akanong'ona, "hata leo tu?"

Bosi alipiga meza. "Nimeshatamka! Mwanaume hali matapishi yake." Akatia saini hati ya kumgawa. Ndivyo alivyolipa milioni tatu ili asilipe milioni tatu.

Mashine mpya ikaja, ikakata sabuni zimenyooka, na haikumhitaji mume wangu. Bibi Mkubwa akahamia uani kwangu, amefunikwa shuka langu jema. Jioni mume wangu alimpaka mafuta na kumsimulia habari za siku, mambo ambayo mimi niliyaona mara ya mwisho nikiwa mchumba. Kazi nyingine hakutafuta. Binti akapiga simu: asipolipa ada, hafanyi mtihani.

"Tumuuze," nikasema.

"Nimuuze vipi na mota mpya nimemwekea juzi tu?"

"Mota ya kaka yako. Na baba wa mwanafunzi ni wewe, si wa mashine."

Alinuna. Kununa hakulipi ada. Nikamtafuta mtengeneza sabuni mdogo wa upande wa pili wa mji. Alikuja, akamzunguka Bibi Mkubwa, akabonyeza hapa na pale kama mtu anayechagua parachichi, akakubali kumi.

"Lakini kwa sharti," akasema. "Anayemjua huyu aje naye. Mimi simwezi peke yangu."

Mume wangu, aliyekuwa bado amenuna, alikuwa wa kwanza kupanda lori, sanduku la vifaa mapajani.

Ada ikalipwa. Sasa kila wiki kuna mkanda, kuna beringi, na pesa za ankara zinakuja nyumbani kama zamani.

Juzi yule mnunuzi akanipigia. "Mama, nasikia wewe ni bingwa wa hesabu. Hebu njoo uniangalizie vitabu. Sijui kwa nini matengenezo yananimaliza hivi."

Ningeenda, ningemwambia ukweli. Najijua.

"Baba," nikamjibu, "naomba unisubiri. Binti yangu akimaliza chuo, wewe ndiye wa kwanza."