Suti ya Baba Mkwe

Jumanne asubuhi Mlingoti alisimama juu ya kigoda katika duka la fundi cherehani, mikono kaitanua kama anayepekuliwa, huku shangazi wa mchumba wake akieleza bwana harusi anavyotakiwa kuvaa. Kigoda hakikuwa na kazi. Mlingoti alikuwa fundi rangi aliyepaka dari bila ngazi, na alipopanda pale, fundi alibaki anazungumza na mkanda wake wa suruali.

Shangazi alikuwa mtu wa mpangilio. Harusi ya ofisini, alisema, haitaki makuu: suti nyepesi, tai ya rangi moja, viatu vilivyong'aa kiasi. Ya ukumbini jioni ni nyeusi tii, shati jeupe, tai ya kipepeo. Ya bustanini mchana ndiyo inayotaka akili, maana jua halimheshimu mtu: kitani, rangi ya mchanga, shati wazi shingoni.

"Si yetu ni ya bustanini," Mlingoti alisema, moyo ukamtulia. Shati la kitani alikuwa amekuja nalo kwenye mfuko. Mchumba wake, aliyefanya kazi ya kupima watu macho kwenye duka la miwani, alilichagua mwenyewe na kumwambia siku hiyo asivae kitu kingine, maana anataka kuolewa na mtu anayemjua.

"Ndiyo, ya bustanini," shangazi alisema. Akafungua begi, akatoa suti ya kahawia. "Kwa hiyo utavaa hii bila tai."

"Na ingekuwa ukumbini?" aliuliza dada yake Mlingoti, aliyekalia robota la vitambaa akitafuna karanga.

"Hiihii, na kipepeo."

"Ofisini?"

"Hiihii, na tai. Mwanangu, mitindo ni mingi, suti ni moja."

Ilikuwa suti ambayo baba mkwe alioa nayo. Waume wa dada wawili wa bibi harusi nao waliivaa, kila mmoja kwa siku yake. Mlingoti aliwafahamu wanyumba wake hao: kimo kimoja, mabega mamoja, wakitembea pamoja ungedhani jozi ya viatu. Siku zote alifikiri ni mtu na kaka yake.

Alipoivaa, suruali iliishia chini kidogo ya magoti na mikono ya koti ikakomea kwenye viwiko.

"Umekuwa kama mtoto aliyefaulu darasa, sare ikafeli," dada yake alisema.

Fundi alimzunguka mara moja, akachukua chaki, akapiga mstari. Hakuupiga kwenye suruali. Aliupiga kwenye muundi wa bwana harusi, kisha mwingine juu ya kifundo cha mkono, kwa utulivu wa mtu anayejua kuwa suti ile haina akiba ya kufumua.

"Nikate au nikunjie ndani?"

"Kuna tofauti?" aliuliza Mlingoti.

"Nikikunja, siku ukitaka unafumua, unarudi ulivyokuwa. Nikikata, nimekata."

"Mkunjie," dada yake alisema. Karanga alikuwa ameziacha. "Mkunjie tu, fundi. Pindo pana."

"Akate," alisema shangazi. "Mkwe wa kwanza tulimkunjia, basi kila akikasirika nyumbani anajifumua na kugonga kichwa mlangoni. Ikabidi arudi hapa."

"Shangazi, huyu riziki yake iko kwenye dari."

"Ngazi zinauzwa."

"Basi aulizwe mwenyewe."

Shangazi akamgeukia Mlingoti kwa upole kabisa, akamweka sawa kola. "Baba, hakuna anayekulazimisha. Suti hii itapata wa kumwenea, kama si wewe ni mwingine, na binti yetu ataolewa naye. Unasemaje?"

Mlingoti alitaka kusema akunjwe. Neno lilifika mdomoni, likamkuta shangazi anatabasamu, likarudi.

"Sawa tu," alisema.

Fundi akakata. Haikuuma kuliko kucha iliyokatwa karibu na nyama. Alitoa kipande chini ya goti, akaunganisha, akashona kwa uzi mara mbili, akapitisha pasi ya uvuguvugu juu ya taulo ili mshono ulale. Mikono ilikwenda haraka zaidi. Mabega aliyapunguza kwa jicho. Mlingoti aliposhuka kwenye kigoda ilibidi aitafute sakafu kwa mguu. Suti ilimkaa kama kazaliwa nayo. Shati la kitani, alipolijaribu, lilimfika magotini, na dada yake akalikunja bila kutia mzaha, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na hivyo vilivyobaki?" dada aliuliza. "Kipande kinachobaki ni cha mteja."

"Ni cha mwenye suti," fundi alisema. Akavifunga kwenye gazeti, akampa shangazi, naye akavitia begini.

Jumamosi bustani ilijaa viti vyeupe. Baba mkwe alichelewa kidogo kwa sababu mlango wa gari ulimsumbua. Katika picha ya harusi yake, iliyotundikwa sebuleni kwao, alikuwa mwanamume wa kimo cha wastani. Binti wa kwanza alipoolewa aliongezeka. Wa pili alipoolewa akaanza kuinama milangoni. Kwa harusi hii ilibidi ashonewe suruali mpya juzi yake. Wageni walimsifu kwa afya.

"Ukijaliwa wakwe wema, unaongezeka," aliwajibu.

Wanyumba wawili walimpisha Mlingoti akae katikati yao. "Usinunue viatu mwezi huu," mmoja alimnong'oneza. "Mguu bado unajitafuta."

Bibi harusi aliletwa na shangazi, uso chini ya shela. Baba mkwe alisimama nyuma ya bwana harusi, mkono begani kwake. Shela ilipofunuliwa, bibi harusi aliinua macho akitabasamu mpaka pale uso wa Mlingoti ulipokuwa siku zote, akakutana na uso wa baba yake. Tabasamu lilikaa palepale, likikosa pa kwenda. Kisha akayashusha macho taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akamkuta.

"Uko huku," alisema.

"Niko huku."

Alimtazama mabega, kisha mikono. "Walikukunja au walikukata?"

"Walinikata."

Akaitikia kwa kichwa. Mpiga picha akamwomba baba ajishushe kidogo, maana kichwa chake kilikuwa kinatoka nje ya picha. Baba akainama, akawakumbatia wote wawili kwa mkono mmoja, na mkono ule ukawatosha.