Ijumaa Waliyofunga Wote

Livia, mke wa kaisari wa kwanza wa Roma, aliishi na mumewe miaka hamsini na zaidi. Mume alipokufa, naye ni mzee wa miaka sabini na mitano aliyeugua mara nyingi, watu walisema kwamba mkewe alimpa tini zenye sumu. Wala si tini za mezani. Walidai kwamba alizipaka zikiwa bado mtini, kwa sababu mumewe alipenda kuzichuma kwa mkono wake mwenyewe. Je, si Livia naye alikula tini zilezile? Alikula, wakajibu, lakini alichagua zile asizozipaka. Aliyetuandikia habari hiyo alizaliwa zaidi ya karne moja baada ya mazishi. Mtu huyohuyo aliandika pia kwamba mjane alikaa siku tano mahali mwili ulipochomwa, kisha akaiokota mifupa. Hilo watu hawalisimulii.

Ninasoma historia katika chuo kimoja hapa Doha, na Livia ndiye niliyemwandikia insha ya muhula. Mhadhiri aliandika pembeni: "Una hasira nyingi na watu waliokufa miaka elfu mbili iliyopita." Hakujua kwamba watu wenyewe wako hai, wengi wao wanakaa Muaither, na kwamba hukutana kila Ijumaa kwa jina la Umoja wa Wanawake.

Mama yangu mdogo, Zuleikha, aliolewa na Twaha, dereva. Mwezi wa Mei Twaha alikula chakula cha mchana alichofungiwa na mkewe, akaegesha gari kando ya barabara ya Al Wakrah, akafia kwenye usukani. Hati ya hospitali ilisema ni moyo. Moyo ulikuwa umemuua baba yake kule Tanga, na kaka yake pia. Lakini Bi Amina, mwenyekiti wa Umoja, alituma ujumbe wa sauti katika kundi la simu:

"Jamani, mimi sisemi kitu. Nauliza tu, hotipoti iko wapi?"

Hotipoti ilikuwa jikoni, imeoshwa. Kuoshwa kwake kukawa ushahidi.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akipika katika kila shughuli ya Umoja. Tangu siku ile hakuitwa tena. Kwa hiyo hitma ya arobaini, iliyosomwa na wanawake chumbani kwake Al Mansoura, ndiyo ingeamua. Wakila chakula chake mbele ya wenzao, wasingeweza tena kunong'ona. Wasipokula, angebaki katika mji huu kama mtu aliyezikwa pamoja na mumewe. Alipika tangu alfajiri, na hakuniruhusu nimsaidie hata kumenya kitunguu, asije mtu akasema tulikuwa wawili.

Walikuja kumi na watano. Wakagawana juzuu, wakasoma vizuri, wakaomba dua, na wengine wakalia kwa ufundi mkubwa. Saa nane masinia ya pilau yakaandaliwa. Hakuna mkono ulionyooshwa.

"Nimefunga," alisema Bi Amina kwa upole.

"Hata mimi," alisema wa pili. Neno likazunguka chumba kizima kama ubani.

"Leo ni Ijumaa, Bi Amina," nikasema. "Si ulitufundisha kwamba haipendezi kuifunga Ijumaa peke yake?"

"Nalipa siku zangu za Ramadhani, mwanangu."

Wote kumi na watano, ikawa, walikuwa wakilipa siku za Ramadhani. Hata bibi mmoja wa miaka sabini, aliyekuja kumtembelea binti yake na ambaye siku za hedhi za kumfunguza zilikoma kabla sijazaliwa.

Nilikuwa na mpango wa mtu aliyesoma vitabu: nilimwomba Mama mdogo ale kwanza, waone. Akakaa, akala matonge matatu polepole. Bi Amina akamwegemea jirani yake, akanong'ona kwa sauti ya kutosha:

"Sinia lina pande nyingi."

Niliona haya kwa ujinga wangu. Jibu hilo nilikuwa nimelinakili mwenyewe katika insha, pamoja na ukurasa lilikotoka.

Hapo akaingia Wairimu, mlinzi kutoka Nyeri anayepanga chumba cha pili, bado amevaa sare yake.

"Poleni sana. Hii harufu imenishika nikiwa kwa ngazi. Mbona hamkuli?"

"Tumefunga," akajibiwa.

"Nyote? Aki nyinyi mna bidii. Mimi sijafunga, wekeni hapa."

Akala sahani mbili. Wanawake kumi na watano walimtazama kwa makini ambayo hawakuwa nayo wakati wa dua. Wairimu akashiba, akashukuru, akaenda kulala. Nadhani baadhi yao walisikitika kuona anatembea.

Bi Amina akachukua mkoba wake aondoke. Ndipo Mama mdogo aliposimama, katika kanga zake nyeupe za eda.

"Bi Amina, wewe ndiye uliyetuambia kwamba anayemfuturisha mfungaji anapata thawabu kama yake. Mimi mjane, wafungaji kumi na watano nitawapata lini tena? Kaeni. Magharibi ni saa kumi na mbili na nusu."

"Tusikuchoshe, mwenzetu. Mwenye eda anatakiwa apumzike."

"Nimepumzika siku arobaini. Hakuna aliyekuja kunichosha."

Wawili walikumbuka kwamba wana zamu kazini. Waliobaki walikaa, kwa kuwa kuondoka kungekuwa kukiri. Mama mdogo alirudisha pilau jikoni, akaiweka juu ya moto mdogo, na kila baada ya muda alifunua kifuniko kuitazama. Saa kumi mazungumzo yalikwisha. Saa kumi na moja mmoja alikwenda msalani akarudi na midomo iliyolowa, na mwenzake akamtazama kwa wivu. Tumbo la Bi Amina lilinguruma mara mbili, akakohoa mara mbili.

Adhana ilipoanza, tende zilitoweka kabla haijakwisha. Masinia yakarudi. Mikono ilikuwa imekwisha kunyooka Bi Amina alipouliza:

"Na wewe Zuleikha, huli pamoja nasi?"

"Mimi sikufunga. Nilikula mchana, mkinitazama."

Mikono ikasimama hewani. Mvuke wa pilau ukapanda kati yao. Kisha yule bibi akacheka.

"Kama ni kufa, wanangu, mimi nife nimeshiba," akasema, akazamisha vidole.

Njaa ikamaliza yaliyobaki. Walikula bila kusemezana, na walikula kwa pande zote za sinia. Bi Amina peke yake alichezea wali pembeni. Mama mdogo akainama, akachagua mnofu mkubwa kuliko yote, akamsogezea upande wake, kama mwenyeji anavyomfanyia mgeni wa heshima.

Bi Amina akautazama mnofu, akawatazama wanawake kumi na wawili waliokuwa wakimtazama, akaula.