Mikono ya Twilumba

Jana usiku niliota ndoto. Naiandika ili mama yeyote mwenye mtoto daktari aisome kabla hajamkaribisha jirani mwenye mgongo unaouma.

Niko sebuleni kwetu Mafinga. Mwanangu Twilumba, daktari anayetibu mifupa na viungo kwa mikono, amepiga magoti mkekani. Mbele yake kalala kifudifudi jirani yetu, Mama Kihaka. Amekuja kunyooshwa kiuno, kama walivyozoea wengi hapa mtaani. Hospitali kuna foleni, kwetu kuna chai.

Mlango unafunguka, anaingia uti wa mgongo. Uti mtupu, bila mtu, kafunga tai kwenye pingili ya juu. Nikamkaribisha kiti. Akasema hakai, akikaa anapinda.

Akasema katumwa na Baraza linalotoa leseni za madaktari. Kanuni mpya imeanza leo: leseni ikiisha muda, mikono inarudishwa.

"Mikono gani?" nikauliza.

"Iliyopewa leseni, mama. Miguu atabaki nayo."

Nikamwomba angoje, mtoto hajala. Akasema atalishwa. Twilumba hakubisha. Akaivua mikono yake kama mtu anavyovua glavu, akaiweka kwenye hotipoti, nami nikafunika isipoe. Kuinua macho, sebule imekuwa chumba cha mtihani, na mkeka umo, na Mama Kihaka yumo.

Uti wa mgongo akasema ipo nafasi moja. Mikono ikitulia bila kumgusa mgonjwa mpaka kengele ilie, itaachwa ingoje leseni mpya. Ikigusa, anaondoka nayo, na Twilumba hatatibu tena maishani.

Mama Kihaka anageuza shingo.

"Mwanangu, bonyeza kidogo tu. Nani ataona?"

"Mimi naona," akasema uti wa mgongo.

"Wewe huna macho, baba."

Hotipoti inatikisika. Mfuniko unaruka. Mikono inatoka, inatambaa kwa vidole, inakifuata kile kiuno, maana haijui kumkatalia anayeumwa. Ndivyo nilivyomlea. Naikimbilia, naikumbatia kifuani. Inanisukuma, ina nguvu kunishinda. Mama Kihaka analia kwa maumivu ya kweli, na kengele hailii.

Ikabidi nimwambie, yeye jirani yangu wa kuombana chumvi: "Nenda hospitali, dada. Hapa leo hakuna daktari."

Nikazinduka nimekumbatia mto, mikono yangu imekufa ganzi.

Kumekucha. Twilumba yuko jikoni, anakoroga chai. Nikamuuliza leseni yake inaisha lini. Kijiko kikasimama kikombeni.

"Iliisha Ijumaa," akasema taratibu. "Sijamwambia mtu. Mama, nani kakwambia?"

Nikamjibu ukweli, kwamba ni uti wa mgongo.

Hakucheka. Aliivuta mikono yake yote miwili, akaificha kwapani.